Yoga ya wazee kwa majira ya Tanga: anza kipupwe, masika yakija yakukute umesimama

Mama yangu alianguka mwezi wa nne, mvua ya masika ndo imekolea, alikuwa anatoka jikoni anakimbilia uani kuanua nguo. Ila ukiniuliza mie ntakwambia kuanguka kwenyewe kulianza mwezi wa kwanza. Kaskazi ya mwaka ule ilikuwa kali, jua la Tanga mnalijua wenyewe, akaacha kutembea kwenda sokoni, akitaka kitu anaita bajaji, asubuhi mpaka jioni yuko barazani kakaa, miezi mitatu mguu hauna kazi zaidi ya chumbani, chooni, barazani. Mvua ikaja ikamkuta hivo. Akateleza kwenye ile koga ya kijani inayoota juu ya simenti, akatanguliza mkono, kifundo cha mkono kikavunjika, wiki sita na hogo.

Watu walisema mengi, mara ndara, mara uzee, mara jicho la watu. Ndara kweli zilikuwa zimelika chini mpaka laini kama sabuni, nikazitupa, uani nikausugua kwa brashi mpaka mikono ikachubuka. Lakini mguu ulibaki ule ule. Siku ya kutoa hogo yule kijana wa mazoezi ya viungo hospitalini alimwambia mama hebu simama, weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, kama unavuka ubao wa mtaro. Hakufika sekunde nne, akamdaka bega la yule kijana. Mie nlishtuka zaidi kuliko siku aliyovunjika.

Basi ndo nikaanza kutafuta mazoezi, nikaangalia video za yoga ya kwenye kiti, nikaenda kumuuliza tena yule kijana lipi linafaa na lipi niache, na sasa ni mwaka wa pili tunafanya hapa barazani kwetu Ngamiani, mama na majirani zake watatu, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi (Ijumaa hawataki, Ijumaa ina mambo yake). Mie ni fundi cherehani sio daktari, so hiki nachoandika ni kwa mtu anayetembea mwenyewe, hana kizunguzungu cha kila siku, hajavunjika karibuni. Mwenye presha anayetumia dawa, mwenye presha ya macho, aliyewahi kupata kiharusi, au mfupa wake umeshavunjika kwa kitu kidogo tu, aulize kwanza kituo cha afya.

Neno moja kuhusu yoga maana najua linakuja. Bibi mmoja mtaani aliniuliza wazi wazi, mwanangu si ibada za Kihindi hizo? Nikamwambia bibi, asili yake ni India kweli, ila sie hapa hatuimbi kitu wala hatuombi kitu, tunachukua kusimama, kuinama kidogo na kuvuta pumzi basi. Mama ndo akammaliza, akasema mbona kutwa mara tano nasimama, narukuu, nasujudu, nakaa, nainuka, huyu mtoto kaniongezea mguu mmoja tu. Na ni kweli, mzee anayeswali chini mpaka leo kuna nguvu ya paja anayo ambayo mwenzie aliyehamia kwenye kiti muda mrefu inaanza kumtoka. Na wala mambo ya kiti na ukuta hatujayabuni sie wavivu wa Tanga, yule mwalimu wa Pune B.K.S. Iyengar, aliyefariki mwaka 2014, ndo aliyeeneza sana kufanya yoga kwa kushika kiti, ukuta na mikanda.

Jipime kwanza

Kabla ya zoezi lolote jua umesimama wapi. Kuna kipimo cha hatua nne ambacho wahudumu wa afya wanakitumia sana Marekani kwa wazee, hakihitaji mashine. Simama karibu na meza nzito au ukuta, mtu awe pembeni yako, viatu vua au vaa vilivyobana. Kwanza miguu miwili pamoja sekunde 10. Afu sogeza mguu mmoja mbele nusu, kidole gumba kikae usawa wa katikati ya unyayo wa pili, sekunde 10. Afu ule wa ubao wa mtaro, kisigino mbele ya vidole, sekunde 10. Mwisho mguu mmoja. Asiyefika sekunde 10 kwenye ule wa tatu yuko kwenye hatari ya kuanguka, hata kama anajiona mzima.

Nasisitiza hilo la kujiona mzima sababu ya mjomba wangu. Ana miaka 71, baiskeli kaipanda tangu yuko shule, na Tanga bila baiskeli si Tanga, anabeba gunia nyuma anakata kona bila kushika breki. Alipotuona tunajipima alicheka sana. Tukamsimamisha mguu mmoja akaenda sekunde tatu. Baiskeli inamshika yeye, ikisimama naye anaelea. Saivi anakuja Jumamosi, hasemi amekuja kufanya mazoezi, anasema amekuja kunywa chai.

Na usidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu watu kama 684,000 wanaokufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sie. Upande wa pili wa shilingi, mwaka 2019 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 108 ya mazoezi kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea, wakakuta mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu robo, asilimia 23. Yanayofanya kazi hasa ni yale ya mizani ya mwili na ya kufanana na kazi za kila siku, kuinuka, kupiga hatua, kugeuka. Kwaiyo kwenye yoga mie nimechagua hizo hizo, yale ya kujikunja kama pweza nimewaachia wenye umri wao.

Vifaa

Kiti, ukuta, kanga mbili. Basi. Ila kiti jamani. Kile cha plastiki ukikishika mgongo wake kwenye vigae miguu yake inatanuka afu kinateleza na wewe nacho, kile ndo kitakuvunja. Tafuta cha mbao kisichocheza, kisukumie kabisa ukutani. Kanga moja jifunge kibwebwe juu ya dera, si kwa mbwembwe, dera likikaa chini ya kisigino wakati unarudi nyuma umekwisha. Nyingine ntasema kazi yake. Mkeka kwa mazoezi ya kusimama hatutumii, unateleza, simameni peku kwenye sakafu kavu. Mwenye kisukari ambaye nyayo zina ganzi avae viatu vya kufunga, asisimame peku, akikanyaga kitu hatajua.

Kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane: kujenga

Huu ndo msimu wa kuanza. Mvua zimeisha, joto limepungua, ardhi imekauka, na kama unataka tarehe kabisa basi tarehe 21 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, Umoja wa Mataifa uliipitisha 2014 ikaanza kuadhimishwa 2015, inaangukia ndani ya kipupwe chetu. Shida ya kipupwe ni moja, asubuhi viungo vimekaza, upepo wa kusi unapiga, mzee anatoka kitandani kama mlango wenye bawaba kavu. Kwaiyo msianze saa kumi na mbili, ngojeni saa mbili mbili jua limepasha kibaraza, na kupasha mwili kuchukue muda.

Anza umekaa. Kanga ile ya pili itandaze chini, ikunje kwa vidole vya miguu mpaka yote imekusanyika chini ya unyayo, afu itandaze tena kwa vidole hivo hivo. Linachekesha ila mara ya kwanza utashangaa, kuna vidole vimelala miaka kumi. Baada ya hapo visigino juu mara 10, vidole juu mara 10, zungusha vifundo. Mguu ukiteleza kwenye tope kinachokurudisha kwanza ni kifundo cha mguu, kikiwa kigumu hakuna kingine kitakachowahi.

Sasa simama, huu wanauita mlima. Unasimama tu, miguu imeachana upana wa nyonga, na mtu anasema aah hii nayo ni zoezi? Sikiliza unyayo. Una sehemu tatu za kukanyagia, chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo, na kisigino, zibonyeze zote tatu kwa pamoja. Magoti yasikazwe kwa nyuma. Bega shusha. Afu ukiwa hivo hivo yumba mbele kidogo mpaka uzito uingie vidoleni, rudi, yumba nyuma mpaka visigino, rudi, kulia, kushoto, taratibu kama ngalawa iliyofungwa. Pumzi iendelee kutoka na kuingia puani, wazee wengi wanaibana bila kujua, na kubana pumzi kunapandisha presha. Ukitaka kumjua anayebana muongeleshe.

La tatu ndo kubwa kuliko yote na ukiwa na dakika tano tu kwa siku fanya hili. Kuinuka kitini bila mikono. Sogea ukae ukingoni, nyayo zirudi nyuma ya magoti kidogo, mikono kifuani, inama mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu, ndo unyanyuke. Wanaoshindwa wengi hawajakosa nguvu, wananyanyuka wamenyooka kama mti wa bendera, uzito unabaki nyuma, wanarudi chini. Pua mbele kwanza. Kushuka hesabu nne, usijitupe, kule kushuka taratibu ndo kunajenga paja. Mama alianza na mara tatu tena kwa kushika mapaja. Saivi anapiga 10, anapumzika, anapiga 10. Na choo cha kuchuchumaa alichokuwa anakiogopa anakitumia, hilo hakuniambia, nlijua nlipoona kile kiti cha choo kilichotobolewa amekigeuza cha kuwekea mtungi.

Afu mnazi. Kwenye yoga wanasema mti, mama kasema mti gani usio na jina, sie huku tuna minazi. Simama ubavu kwa ukuta, mkono mmoja ukutani. Mguu wa nje nyanyua kisigino tu, vidole vibaki chini, unyayo uegemee kifundo cha mguu wa pili. Wiki mbili za kwanza ishia hapo. Ukizoea vidole vinatoka chini, unyayo unapanda ubavuni mwa ugoko. Usiuweke kwenye goti, goti halitaki kusukumwa ubavuni, ama chini yake ama juu yake, na kwa wazee nasema chini yake. Macho yakae kwenye kitu kimoja kisichotembea, mama anaangalia msumari wa kalenda. Kuhesabu anahesabu mwenyewe kwa tasbihi, Subhanallah kumi polepole ndo mguu unashuka, na nlishampima kwa simu zinafika kama sekunde kumi na mbili, kwaiyo tasbihi yake haina kasoro. Mnazi upepo ukipiga unayumba, na wewe utayumba, kifundo kitakuwa kinacheza cheza chini, hiyo ndo kazi yenyewe usiogope. Ukuta uguse kwa kiganja, baadae kwa vidole viwili, baadae kidole kimoja, mkono usiutoe mbali siku yoyote.

Zoezi wanaloliita shujaa tunalifanya fupi. Uso kwa ukuta, viganja ukutani usawa wa kifua, mguu mmoja rudisha nyuma hatua moja ya kawaida, kisigino cha nyuma kisukume chini, goti la mbele likunje kidogo, vuta pumzi tano, badilisha. Linavuta misuli ya nyuma ya ugoko, ikikaza hiyo mtu anaburuza vidole akitembea, na anayeburuza vidole ndo anajikwaa kwenye zulia.

Mwisho tembea kwa ubavu kama kaa, mikono ukutani, hatua kumi kwenda, kumi kurudi, vidole vikiangalia ukuta muda wote. Misuli ya pembeni ya nyonga ndo inayokuzuia usilale upande, na mtu mzee akianguka ubavu ndo nyonga inavunjika.

Yote haya ni kama dakika 25 na porojo zake. Siku tatu kwa wiki au zaidi, WHO wenyewe wanasema hivo hivo kwa wazee kwenye mazoezi ya mizani na nguvu. Kipupwe pia ndo wakati wa kutoka. Sie mara moja moja tunawapeleka bustani ya Jamhuri, wanafanya mlima kwenye nyasi wanaangalia bandari, nyasi sio tambarare kama sakafu kwaiyo unyayo unajifunza kitu kingine, na hapo usimfanyishe mtu mnazi bila wa kumshika. Raskazone nako maji yakishakupwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa, tembea mkishikana mikono. Mchanga laini mkavu waachieni wajukuu.

Vuli: kugeuka na kuvuka

Mvua za vuli zinaanza mwezi wa kumi hivi, fupi fupi, leo imenyesha kesho kavu, ni kama mtihani wa majaribio kabla ya masika. Mguu umeshapata nguvu sasa ufundishwe akili. Tunaongeza vitu vitatu.

Kugeuka. Mzee anaitwa kwa nyuma, "shikamoo bibi!", anageuka kwa kuzungusha kiuno huku miguu imeganda, pwaa. Fanya zoezi la kugeuka kwa hatua ndogo ndogo, kama mshale wa saa, hatua nne kumaliza robo, miguu ndo itangulie kichwa kifuate. Wanafanya kulia na kushoto, afu mie namwita mmoja kwa nyuma bila kumwambia nione atageuka vipi. Wanakasirika ila wamejifunza.

Ubao wa mtaro. Mitaa yetu hii kila nyumba ina mtaro mbele na ubao au jiwe la kuvukia, na mvua ikinyesha ndo hapo. Tembea kandokando ya ukuta, kisigino kikigusa vidole, hatua nane. Ukiweza tembea huku unahesabu kurudi nyuma kutoka 50, au unataja mitaa kutoka Chumbageni mpaka Mikanjuni. Haya si mapambo, mtu anaanguka akiwa anatembea na anawaza bei ya samaki, kwaiyo azoee kutembea na kuwaza.

Dimbwi. Kanga izungushe kama gogo, ilaze chini, ivuke mbele, ivuke ubavu, ivuke kurudi nyuma umeshika kiti. Kila siku badilisha mguu wa kuanza, wengi tuna mguu mmoja tunaouamini, na dimbwi halikuulizi.

Kaskazi na joto lake: usiache

Hapa ndo watu wanapoharibu. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, kumeiva, hata mie kwenye cherehani nalowa, sembuse mtu wa miaka 70. Mtu anaacha wiki moja, ya pili, halafu anasema ntaanza tena mvua zikianza, na nguvu ya paja kwa mtu mzee inaondoka upesi kuliko ilivyoingia. Punguza muda usiache zoezi. Dakika kumi zinatosha, kuinuka kitini, mnazi na ubao wa mtaro basi, ama baada ya swala ya alfajiri kabla jua halijatoka au jioni upepo ukirudi.

Maji ya kunywa yawe karibu, wazee kiu yao inachelewa kuwaambia. Ila mwenye tatizo la moyo au figo aliyepimiwa maji na daktari afuate kipimo chake. Joto linashusha presha, na dawa ya presha inashusha presha, vikikutana ndo kile kizunguzungu cha mtu kuinuka ghafla, anaona giza, anaanguka bila hata kuteleza. Kwaiyo hii ni ya kila siku, zoezi au si zoezi: kabla ya kutoka kitandani kaa ukingoni, pampu visigino na vidole mara 20, kunja ngumi fungua, ndo usimame, na ukishasimama hesabu mpaka kumi umeshika kitu ndo uanze kwenda. Kikiendelea kumjia mara kwa mara usijipe dawa wala usiache dawa, mrudishe kwa aliyeiandika wamwangalie. Mazoezi ya kuinamisha kichwa chini ya moyo kwa muda, yale ya kugusa vidole vya miguu, sie tumeyafuta mwaka mzima, na joto likizidi hata rukuu ya mazoezi hatufanyi.

Ramadhani ikiangukia joto tunafanya kama saa moja na nusu baada ya futari, kidogo tu, tumbo limetulia. Wakiwa na funga siwagusi.

Masika: ndani, na usiku

Masika hatujengi kitu kipya. Baraza limelowa so tunaingia sebuleni, viti vinasogezwa, wanafanya yale yale ya kipupwe kwa kushika zaidi. La kuongeza ni giza. Mizani ya mwili imekaa kwenye mafiga matatu, macho, sikio la ndani, na nyayo zinazosikia chini kukoje. Umeme ukikatika usiku wa mvua figa la macho limetoka, na mzee kaamka kwenda kukojoa. Kwaiyo aliyefaulu sekunde 10 za ubao wa mtaro, yeye tu, asimame mlima pembeni ya ukuta, viganja viwili vimegusa, mtu yuko nyuma yake, afunge macho pumzi tatu afungue. Utaona mwili unavyotafuta. Asiyefaulu asilifanye, kwake dawa ni tochi chini ya mto na ndoo chumbani, hakuna aibu.

Na mazoezi peke yake bila nyumba kuangaliwa ni kujaza maji kwenye pakacha. Kile kipande cha gunia mlangoni cha kufutia miguu kinachosogea kitoe, au kipigilie. Koga ya uani isugueni kila wiki wakati wa mvua, brashi ngumu na sabuni ya unga, suuza vizuri maana povu lenyewe linaangusha. Ndara zikishalika zitupeni, najua mzee atazifuata jalalani, mama yangu alizifuata. Kamba ya nguo tuliihamishia chini ya paa, asikimbilie tena kuanua. Na macho yapimwe, mtoto wa jicho unatibika, watu wanaishi nao miaka wakidhani ni uzee.

Kushuka chini na kuinuka

Hili tunalifanya misimu yote mara moja kwa wiki maana mtu aliyeanguka hata kama hajaumia anaweza kukaa chini masaa sababu hajui kuinuka. Hapa mkeka ndo unatumika. Shuka umeshika kiti, goti moja, goti la pili, mkono, kaa, lala. Pumzika hapo, hiyo ndo sehemu wanayoipenda, mmoja huwa anakoroma. Kuinuka: usijivute kwa kunyanyua kichwa. Geuka ulale ubavu, sukuma kwa kiwiko na kiganja mpaka ukae nusu, ingia kwenye magoti na mikono, tambaa mpaka kwenye kiti, viganja juu ya kiti, mguu wenye nguvu uulete mbele unyayo ukanyage, sukuma, simama nusu, geuka ukae. Ukae kwanza, usianze safari. Wenye magoti mabovu waweke mto chini.

Na siku mtu kaanguka kweli, majirani mlioko karibu msimvamie kumvuta mikono, najua ni huruma, bega la mzee linatoka hivo hivo. Muulize anasikia maumivu wapi, amegonga kichwa au la. Mwangalie miguu akiwa kalala. Mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzie na umegeukia nje, au hawezi kuunyanyua, au nyonga inamuuma hata ukiigusa kidogo, hiyo huenda ni nyonga imevunjika, asisimamishwe kujaribu, asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, mumlaze kwenye kitu kigumu mpate gari la kumlaza. Aliyegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hospitali hata kama anaongea vizuri na anawagombeza. Na ile chai ya sukari mnayokimbilia kumnywesha, kama mnashuku mfupa umevunjika, ngojeni kwanza daktari amwone, anaweza kuhitaji kuingia theatre.